Supamaketi kubwa kando ya soko: kisa cha mtaa mmoja Kigoma Ujiji

Nilichoficha na kwa nini

Hiki ni kisa cha mtaa mmoja ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Jina la mtaa nimeliondoa, la kampuni pia, vipimo nimevizungusha kidogo, na soko nitaliita soko tu. Watu wa Kigoma najua mtaanza kuotea, oteeni ila msiandike majina ya watu. Mimi nilikuwa naalikwa na ofisi ya mtaa kusaidia kuandika mihtasari ya vikao, kwa hiyo mengi niliyosikia niliyasikia yakisemwa na mengine niliyaona baadae yakiwa yameandikwa, na tofauti ya hayo mawili ndio kisa chenyewe.

Eneo lilivyokuwa

Kwa asiyeijua Kigoma, mji wetu ni wa miteremko. Juu kuna Mwanga na mitaa yake, chini kuna ziwa, na reli iliyofika hapa 1914 ikaishia hapohapo ndio maana tunaitwa mwisho wa reli. Mvua inaanza kama Oktoba inaenda mpaka Mei hivi, na ikinyesha kila tone linatafuta Tanganyika, kwa hiyo ukijenga chochote kikubwa huku juu swali la maji ni la lazima, hata kama hujaulizwa.

Biashara ya eneo lile ilikuwa ya tabaka tatu. Kuna soko lenyewe, mbogamboga, dagaa, mgebuka, mawese, ndizi, mitumba. Kuna mstari wa maduka ya jumla ya sukari, sabuni, unga, soda, mafuta ya kula, ambayo yanawauzia wenye vijiduka vya mitaani na wale wanaovusha mzigo kwenda Burundi na Congo. Alafu kuna vijiduka vyenyewe, vile unavyokwenda na mia tano unapimiwa sukari na mafuta kidogo na kama huna unaandikwa kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi.

Pembeni ya soko kulikuwa na viwanja vitano vya makazi, nyumba za zamani na michikichi michache uani. Vilinunuliwa kimoja kimoja kupitia madalali tofauti, wauzaji wenyewe hawakujua kwamba mnunuzi ni mmoja. Hilo sio kosa kisheria, mtu anauza chake, ila maana yake ni kwamba mtaa ulikuja kujua kuna mradi wakati ardhi yote ishakuwa mikononi mwa mtu mmoja na ramani ishachorwa.

Kilichotokea, kwa mfuatano

Dalili ya kwanza ilikuwa tangazo la kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi kwenda biashara, karatasi ya A4 ndani ya nailoni imepigiliwa msumari kwenye mchikichi. Aliyeliona ni mama anayeuza vitumbua pale asubuhi, akamuomba kijana wa boda amsomee, na kijana akalipiga picha akairusha kwenye grupu la mtaa. Mpaka jioni watu walishasema linajengwa soko jipya, wengine sheli, wengine kanisa.

Mwenyekiti wa mtaa alikwenda manispaa kuuliza, akarudi na habari kwamba ni supamaketi, jengo moja la chini lenye paa la kama mita za mraba 1,900 na pakingi ya pevingi ya 2,300 mbele yake, geti moja linatazama barabara kubwa. Upande unaotazama soko, ukuta mtupu. Mwanzo mpaka mwisho ukuta.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa, na kampuni ikaja na watu wanne na kipaza sauti chao wenyewe. Ilikuwa na vuguvugu. Mama wa mbogamboga na wauza dagaa walikuja wengi sana na walikuwa wakali, hoja yao ni kwamba wateja wote watahamia kwenye kiyoyozi. Vijana wengi walitaka lijengwe, wanataka kazi. Wenye maduka ya jumla walikaa nyuma kimya kabisa, na baadae ilikuja kujulikana kwamba kadhaa kati yao walishaanza kuulizia fremu humo ndani.

Wawakilishi wa kampuni waliahidi mambo mengi kwenye kile kipaza sauti. Vijana wa mtaa watapewa kipaumbele kwenye ajira, dagaa na mawese na asali vitanunuliwa kwa wazalishaji wa hapahapa, bodaboda watatengewa kijiwe ndani ya uzio, mama lishe watapewa eneo. Watu walipiga makofi. Alafu akasimama mzee mmoja, mstaafu wa reli, akasema, "Ndugu mwenyekiti, mimi swali langu moja tu. Maji ya paa lote hilo yanakwenda wapi?"

Mtaalamu wao akafungua ramani akaiweka juu ya boneti ya gari. Tulisogea. Mtaro ulikuwa umechorwa kwa mstari wa bluu kuzunguka jengo, kwenye kona ya chini ukatoka na mshale, na mshale ukaishia kwenye ukingo wa karatasi. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Mzee akauliza tena kwa upole tu, "Sasa baba, hapa karatasi ilipoishia ndio kwangu."

Kuanzia hapo kikao kilibadilika. Hesabu yenyewe ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita ya mraba moja ni lita moja. Paa na pakingi pamoja ni mita za mraba 4,200, mvua ya milimita 40 ambayo kwetu sio ya ajabu inaleta lita 168,000, yaani simtanki 168 za lita elfu moja moja, zikimwagwa kwa saa moja au mbili kwenye kalavati ambalo hata bila hilo jengo lilikuwa linafurika. Zamani pale palikuwa na udongo na majani, sehemu ya maji ilikuwa inazama. Pevingi na bati hazinywi maji.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika hivo

Mtaa hauna kalamu ya kutoa wala kunyima kibali, na hili watu wengi hawalijui mpaka siku wamekasirika. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, na ruhusa ya kuendeleza eneo inaweza kukubaliwa, kukataliwa, au kukubaliwa kwa masharti. Njia ya mtaa ni kupitisha maoni yake kwenda kata, kwa diwani, na mpaka kwenye kamati inayoshughulikia mipango miji pale manispaa.

Kundi moja lilitaka mtaa uandike neno moja tu, hatutaki. Mtendaji wa mtaa, dada mmoja mtulivu sana, alishauri vingine. Alisema mkiandika hatutaki na manispaa ikataka, mtakuwa hamjaandika kitu kingine chochote. Manispaa inataka ushuru wa huduma na kodi na leseni, mji unataka kuonekana unakua, kwa hiyo uwezekano wa kukataliwa kabisa ni mdogo. Bora tutumie nafasi tuliyonayo kuomba masharti. Kiukweli huu ndio uamuzi uliobeba kila kitu kilichofuata, na wapo mpaka leo wanaosema aliuza mtaa. Mimi naona alikuwa sahihi.

Ikaundwa kamati ndogo ya watu saba, yule mzee akiwemo, na katika yote yaliyosemwa mkutanoni wakachagua manne ya kuandika kama maombi ya masharti.

La kwanza maji. Tangi la kupokea maji chini ya pakingi ili yatoke polepole, na kampuni ichangie kupanua kalavati kwa maelekezo ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa sababu barabara ile ya mtaani iko chini yao.

La pili ukuta. Waliomba upande wa soko uwe na fremu zinazotazama nje na geti dogo la waenda kwa miguu. Wazo lilitoka kwa muuza nyanya mmoja, alisema kama mtu ameshapaki gari pale na kutoka hapa mpaka kwangu ni hatua ishirini, nifungulieni mlango tu.

La tatu malori. Semi zinazoleta mzigo zisishushe asubuhi watoto wakienda shule, zishushe usiku.

La nne walitaka kampuni ieleze kwa maandishi jengo litatumikaje kama siku moja yenyewe ikiondoka. Hili lilichekwa na baadhi ya watu, duka halijajengwa mnaongelea kuondoka, lakini aliyelileta alikuwa na sababu. Shoprite waliondoka Tanzania 2014 wakauza maduka yao kwa Nakumatt, Uchumi, supamaketi nyingine, wakafunga matawi yao ya hapa nchini 2015, na Nakumatt nao wakaanguka miaka michache baadae. Hao walikuwa wakubwa, Dar na Arusha, kwenye wateja wenye hela. Jengo la supamaketi lina ukumbi mmoja mpana usio na kuta za ndani wala madirisha, mpangaji akitoka hupati mwingine kirahisi, na panabaki gofu katikati ya mji huku pakingi inaota majani.

Ajira, kununua mazao ya wenyeji, kijiwe cha boda na mama lishe havikuingia kwenye barua. Hoja iliyotolewa ni kwamba hayo kampuni imeshakubali mbele ya watu wote na diwani yupo, kuyaandika tena kutaonekana kama hatuwaamini.

Manispaa ilitoa kibali na masharti matatu ya kwanza yakaingia karibu yalivyoombwa. La nne halikuingia.

Matokeo

Jengo lilisimama ndani ya mwaka na kitu. Tangi la maji lilijengwa, kalavati likapanuliwa, na msimu wa kwanza wa mvua nyumba ya mzee haikuingia maji. Msimu wa pili matope yalianza kujaa kwenye tangi kwa sababu hakuna aliyeandika nani analisafisha na mara ngapi, kampuni ikasema ni la manispaa, manispaa ikasema liko ndani ya kiwanja cha kampuni. Mwishoni walisafisha baada ya mzee kwenda na picha za simu.

Geti dogo ndio jambo lililonishangaza. Gharama yake ni ndogo kuliko kitu chochote kwenye ule mradi, chuma kidogo na mlinzi mmoja, na asubuhi ya Jumamosi ukikaa pale utaona watu wanatoka na mfuko wa supamaketi mkono mmoja wanaingia sokoni kununua nyanya na dagaa kwa mkono mwingine. Ndani wanauza mboga pia lakini zimefungwa kwenye plastiki na bei sio ya huku. Wale mama waliokuwa wakali zaidi mkutanoni, wengi wao wanauza kama zamani na wachache wanauza zaidi, wenye meza karibu na geti hasa, mpaka zile meza zikaanza kugombaniwa.

Fremu nane zilijengwa. Kodi yake hakuna mtu wa sokoni aliyeiweza, zikaingia duka la dawa, mawakala wa miamala ya simu, vifaa vya simu, saluni.

Malori yakashusha usiku kama ilivyoandikwa, na nyumba tatu za nyuma ya ukuta zikakosa usingizi. Lori likirudi nyuma linapiga kile kimlio chake, vijana wanaitana, mageti yanagongwa, saa nane za usiku. Kamati ilifikiria watoto wa shule wa barabara ya mbele, hakuna aliyepita kugonga milango ya nyuma. Ilibidi kampuni na mtaa waandikiane upya na manispaa ikakubali muda uwe saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana.

Sasa yale ya kipaza sauti. Kijiwe cha boda ndani ya uzio hakikuwepo, boda wanapaki barabarani na wanafukuzwa kila siku. Mama lishe hawakupewa eneo. Ajira zilikuja kupitia wakala wa kuajiri, kaunta walikaa watu wenye uzoefu waliotoka Mwanza na Dar, vijana wa mtaa wakapata ulinzi, usafi na kubeba mizigo. Ni kazi, sizidharau, ila sio zile watu walizopigia makofi.

Kununua kwa wenyeji kulikwama kwa namna ambayo hakuna aliyeiona kabla. Kampuni haikugoma, ilisema karibuni leteni. Lakini ili bidhaa ikae rafu inatakiwa alama ya TBS, shirika la viwango, lebo, msimbo wa bidhaa, risiti ya mashine, na malipo yanatoka baada ya siku 60. Muuza dagaa anayeamka alfajiri kwenda mwaloni Kibirizi kununua mzigo anahitaji hela ya leo ili anunue wa kesho, ukimwambia siku 60 umemwambia asiuze. Kikundi kimoja tu cha kinamama wa mawese ndio kiliingia, kwa sababu walikuwa wameshapita SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo ya ufungashaji na TBS walishakwenda kabla hata supamaketi haijaja.

Na walioumia? Maduka ya jumla. Wale waliokaa kimya nyuma. Supamaketi ilianza kuuza sukari, sabuni, soda na mafuta kwa katoni, kwa bei inayokaribia ya jumla kwa sababu wanaleta lori zima moja kwa moja, na wenye vijiduka vya mitaani wakahamia huko. Maduka mawili ya jumla yalifunga, jingine moja likahamia upande wa wateja wa kuvusha mpaka ambako bado mkopo na kujuana ndio vinaendesha biashara. Vijiduka vyenyewe viko palepale, maana supamaketi haikupimii mafuta ya mia tano wala haina daftari la madeni.

Tahadhari moja kwenye kusoma haya. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, na kipindi hicho meza za dagaa zilikauka kabisa. Watu walisema mnaona, supamaketi imetuua. Hapana, ile ilikuwa ziwa kufungwa, na lilipofunguliwa meza zilirudi. Ukitaka kupima athari ya duka kubwa angalia miezi inayolingana, usichanganye.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni mambo yanayojengwa. Tangi, kalavati, geti, fremu, ni vitu ambavyo mkaguzi wa majengo akija anaviona vipo au havipo, na kampuni inajua bila hivyo kuna karatasi hawatapata. Sharti likiwa na umbo linashika. Ahadi ya ajira haina umbo, labda iandikwe kwa namna inayohesabika, mfano nafasi zitangazwe kwanza kwenye ubao wa kata na taarifa ya walioajiriwa ipelekwe kata kila baada ya muda fulani. Kijiwe cha boda kilikuwa na umbo kabisa, ni mita chache za pevingi, kingeweza kuwa kwenye ramani kama geti lilivyokuwa, na kwa maoni yangu kukiacha nje ya barua kwa kuogopa kuonekana hatuwaamini ni adabu iliyowekwa mahali pasipo pake. Kuandika sio kutukana.

Cha pili ni kumjua anayeguswa. Mkutano ulisikiliza sauti kubwa na ukadhani sauti kubwa ndio hatari kubwa. Kama kuna mtu angekaa nusu siku tu akauliza kila tabaka linauza nini, kwa kipimo gani, kwa nani na kwa mkopo au taslimu, jibu lingekuwa wazi kwamba duka la katoni linagongana na duka la katoni. Dagaa wa kupima kwa kopo hana mpinzani mle ndani. Huko Uingereza wanaoomba kujenga duka kubwa nje ya katikati ya mji hutakiwa kwanza waonyeshe kwamba wametafuta nafasi katikati wakakosa, na maduka makubwa zaidi hutakiwa kupima athari kwa biashara zilizopo. Ufaransa sheria ya 1973 ilitaka kibali maalum cha biashara kwa maduka kuanzia mita za mraba 1,500 za kuuzia, au 1,000 kwenye miji midogo, mwaka 1996 wakashusha mpaka 300, na 2008 wakapandisha tena mpaka 1,000. Wamevutana miaka yote hiyo na kizingiti kimoja. Kwenye kisa chetu ukubwa haukujadiliwa hata kidogo, hakuna aliyeuliza kwa nini 1,900 na sio 1,200, wala aliyeomba kujua ni eneo kiasi gani la ndani litauza kwa katoni.

Cha tatu ni muda. Dodoso la athari za mazingira lilipita mtaani wakati msingi wa ukuta umeshachimbwa, watu wakajaza kwa kukasirika au hawakujaza. Na lile tangazo la kwenye mchikichi, kama si yule mama wa vitumbua, lingeozea pale. Mtaa unaweza kujiwekea utaratibu wake bila kusubiri mtu, kwamba mjumbe mmoja anapita ubao wa matangazo wa manispaa kila wiki. Sio kazi ya mshahara lakini inaokoa miezi.

Lile sharti la nne mimi naona lilianguka kwa sababu liliombwa kama swali. "Kampuni ieleze" sio sharti, ni mjadala. Lingeombwa kama mchoro, kwamba nguzo za ndani zipangwe na milango ya ziada iachwe ili ukumbi uweze kugawanywa kuwa fremu ndogo baadae, lingekuwa na umbo kama yale mengine na afisa mipango angekuwa na kitu cha kugonga mhuri.

Kampuni sasa imeomba awamu ya pili, godauni nyuma kule kwenye zile nyumba tatu. Safari hii barua ya mtaa imetangulia kabla ya tangazo, kurasa mbili, ina ratiba ya kusafisha tangi na jina la cheo kinachohusika, kijiwe cha boda kikiwa kimechorwa kwa vipimo, na saini za wenye nyumba za nyuma. Wenye maduka ya jumla wamesaini pia. Kamati ya mipango miji pale manispaa bado haijakaa.